Aota ya tumbo ikitanuka: mwongozo wa mgonjwa na familia yake, kutoka Nakuru hadi Kisumu

Aota ndiyo ateri kubwa kuliko zote mwilini. Hutoka moyoni, hupita kifuani na kushuka tumboni mbele ya uti wa mgongo, ikigawa damu kwa ini, matumbo na figo. Karibu na usawa wa kitovu hugawanyika matawi mawili, moja kwa kila mguu. Kwa mtu mzima sehemu yake ya tumboni huwa na upana wa sentimita 2 hivi. Ikifika sentimita 3 huhesabiwa kuwa imetanuka. Ukuta wake huwa umedhoofika na, kama tyubu ya baiskeli iliyolika upande mmoja, hutuna pale palipo hafifu. Kadiri inavyotuna ndivyo ukuta unavyobeba mkazo zaidi, na ndivyo inavyokaribia kupasuka.

Nawaandikia watu wa huku kwetu, Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega, Siaya, Busia, kwa sababu umbali ndio adui wetu mkubwa katika ugonjwa huu. Madaktari wa upasuaji wa mishipa ya damu si wengi nchini, na wengi wako Nairobi. Kutoka Nakuru ni karibu kilomita 160, na kutoka Kisumu safari ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Aota iliyogunduliwa mapema inaweza kupangiwa tarehe, pesa na damu. Iliyogunduliwa siku ya kupasuka haisubiri kitu.

Kama maumivu yameanza sasa, anzia hapa

Dalili za kupasuka au kuvuja ni maumivu makali ya ghafla tumboni, mgongoni au ubavuni, ambayo huweza kushuka hadi kinenani. Huandamana na jasho baridi, kizunguzungu au kuzirai. Wakati mwingine mkono ukiwekwa juu ya kitovu husikia uvimbe unaodunda. Kwa jumla, kati ya watu 10 wanaopasukiwa, wapatao 8 hufariki, wengi kabla ya kufika hospitali.

Kuna jambo moja ambalo kila familia yenye mzee inapaswa kulijua. Maumivu haya yanafanana mno na ya mawe ya figo, na hata wahudumu wazoefu hudanganyika. Mzee aliyepita miaka 60, hasa aliyewahi kuvuta sigara, akipata kwa mara ya kwanza maumivu makali ya ubavu, asiambiwe ni mawe kabla aota yake haijaangaliwa. Aota pia huweza kuvuja kwanza upande wa nyuma, damu ikazuiliwa kwa muda na nyama za pembeni. Wakati huo mgonjwa bado anaongea na presha yake haijaanguka sana. Saa hizo ndizo za kumwokoa, na ndizo hupotea watu wakijadiliana kama ni alsa au ni gesi.

Mlaze. Usimpe chakula wala chai. Usimpe dawa ya maumivu kutoka kemisti, na mtu yeyote asimkande tumbo, hata kama ni mkandaji anayeaminika kijijini. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ikiwa gari la jirani litafika kabla ya ambulansi, tumia gari la jirani. Usimpandishe bodaboda. Nenda hospitali yenye altrasaundi, benki ya damu na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku. Kwa wa Nakuru hiyo ni hospitali ya kaunti ambayo wengi bado huiita PGH. Kwa wa Kisumu ni Jaramogi, ambayo wenyeji huijua kwa jina la Russia.

Ukifika mlangoni usianze historia ndefu. Sema hivi: "Daktari, tunaogopa aota ya mzee imepasuka. Tunaomba apigwe altrasaundi sasa hivi." Kipimo hicho hufanyika kando ya kitanda kwa dakika chache. Usigombe na muuguzi ukiona dripu inatiririka polepole huku presha iko chini. Mgonjwa akiwa macho na anajibu maswali, presha ya chini kiasi humsaidia, kwa kuwa kumjaza maji kwa haraka huipandisha na kuzibua palipokuwa pameziba. Mkiombwa amana ya pesa kabla ya kuhudumiwa, kumbukeni kwamba ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Litajeni hilo kwa heshima, lakini litajeni.

Hatua ya 1: Jua nani apimwe

Sigara inaongoza orodha, tena kwa mbali. Hata aliyeacha miaka 20 iliyopita bado amebeba sehemu ya hatari hiyo. Baada yake huja umri kupita miaka 65, kuwa mwanaume, presha ya juu, mafuta kuganda kwenye mishipa, na kuwa na baba, mama au ndugu wa damu aliyepata ugonjwa huu. Wanawake hupatwa mara chache zaidi, ila wakipatwa aota yao hupasuka ikiwa na upana mdogo kuliko ya wanaume.

Uingereza humwalika kila mwanaume anayetimiza miaka 65 aje apigwe altrasaundi mara moja. Marekani hupendekeza hivyo kwa wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta sigara. Huku kwetu usingoje mwaliko, omba mwenyewe. Kama baba yako alivuta sigara tangu ujana na sasa ana miaka 70, mpeleke hata kama halalamiki chochote, kwa sababu wengi wenye ugonjwa huu hawasikii kitu mpaka siku ya mwisho.

Tusidhani pia kwamba ni ugonjwa wa wazee peke yao. Katika nchi zetu madaktari hukutana na vijana wa miaka 30 na 40 ambao aota zao zimeharibiwa na maambukizi: kifua kikuu, kaswende, bakteria wa salmonela, na uharibifu wa mishipa unaoandamana na virusi vya ukimwi. Kando ya ziwa, Homa Bay, Siaya na Kisumu, ambako wanaoishi na virusi ni wengi, jambo hili linastahili kukumbukwa. Upo pia ugonjwa wa Takayasu, unaowapata zaidi wanawake vijana. Kinga ya mwili hushambulia kuta za aota na matawi yake, ikiyabana au kuyatanua. Binti wa miaka 25 mwenye presha ya juu isiyoelezeka, mkono mmoja unachoka upesi na mapigo ya kifundo cha mkono hayasikiki vizuri, apimwe presha mikono yote miwili. Tofauti kubwa kati ya mikono ni sababu tosha ya kumwona daktari bingwa.

Hatua ya 2: Kipimo

Altrasaundi ya tumbo inatosha kuanzia. Haina mionzi, haiumi, na inapatikana katika hospitali za kaunti na vituo vingi vya binafsi mjini. Mgonjwa akae bila kula kwa saa 6 hivi ili gesi isifunike picha. Jambo la lazima ni fomu ya ombi kuandikwa wazi kwamba aota ipimwe upana. Fomu ikisema "tumbo" tu, ripoti huweza kurudi na ini, figo na kibofu, aota ikaachwa bila hata neno.

Kumgusa mgonjwa tumboni husaidia, lakini hakutoshi. Kwa mtu mnene, uvimbe mkubwa unaweza kujificha kabisa.

Hatua ya 3: Tafuta namba kwenye ripoti

Ripoti inaweza kujaa maneno, lakini kinachoamua ni upana wa aota kwa sentimita au milimita. Muulize daktari maswali haya: "Upana ni sentimita ngapi? Imetanuka juu au chini ya mishipa ya figo? Matawi ya miguuni nayo yametanuka? Kuna damu iliyoganda ndani?" Andika majibu, na uiweke ripoti ya kwanza mahali salama, ipigwe picha kwa simu na itumwe kwa watoto wawili au watatu. Bila ripoti ya zamani hakuna atakayejua imekua kwa kasi gani.

Kwa namba hiyo mpango huwa hivi. Kati ya sentimita 3 na 3.9, altrasaundi hurudiwa baada ya miaka 3. Kati ya 4 na 4.9, kila mwaka. Kuanzia 5 hadi 5.4, kila miezi 6 au chini ya hapo, kwa jinsi daktari atakavyoona. Mwanaume akifika 5.5, au mwanamke akifika 5, upasuaji hujadiliwa. Hujadiliwa pia kwa upana mdogo kuliko huo kama aota imekua zaidi ya sentimita 1 kwa mwaka, au kama imeanza kuuma. Aota iliyotanuka inayouma hata kabla ya kupasuka ni dharura. Zile zinazosababishwa na maambukizi hazifuati jedwali hili, maana hukua haraka na huweza kupasuka zikiwa ndogo.

Familia nyingi huuliza kwa nini isikatwe mapema ikiwa bado ndogo. Swali hilo lilichunguzwa kwa makini. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998, na mwingine wa Marekani wa mwaka 2002, uliwagawa wagonjwa wenye aota za sentimita 4 hadi 5.4 katika makundi mawili, la kupasuliwa mara moja na la kufuatiliwa kwa vipimo. Waliopasuliwa mapema hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Kwa hiyo daktari akisema "tungoje", hajakuacha. Anajua kwamba kwa upana huo kisu kina hatari kubwa kuliko ugonjwa.

Kungoja huko kuna kazi yake. Acha sigara kabisa, kwa sababu ndiyo inayoongeza kasi ya kutanuka. Meza dawa za presha kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Daktari huongeza mara nyingi dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu na aspirini kidogo, kwa sababu wagonjwa hawa hufa kwa moyo na kiharusi pia. Tembea. Kutembea hakupasui aota.

Hatua ya 4: Fika kwa daktari anayehusika

Daktari wa kaunti atakuandikia barua ya rufaa. Kutoka magharibi wengi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, au Kenyatta na hospitali kubwa za binafsi za Nairobi. Kabla ya kupanda matatu, mwombe daktari anayekutuma apige simu kule aendako mgonjwa na aulize maswali mawili: je, mna daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu, na siku zake za kliniki ni zipi? Familia inayokwenda bila simu hiyo huweza kulala mjini kwa gharama na kurudi na tarehe tu.

Huko itahitajika CT skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa, ambayo huonyesha umbo lote la aota na matawi yake. Dawa hiyo huweza kuumiza figo, kwa hiyo kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, hutangulia. Mwenye sukari anayemeza metfomini aseme mapema, maana huenda akaambiwa aisimamishe kwa muda.

Hatua ya 5: Kuelewa upasuaji wa aina mbili

Upasuaji wa wazi ndio wa zamani zaidi. Charles Dubost aliufanya Paris mwaka 1951, akitumia kipande cha ateri ya maiti. Baadaye Michael DeBakey wa Houston akatumia mrija wa kitambaa cha poliesta, na mpaka leo mrija wa aina hiyo ndio unaotumika. Tumbo hufunguliwa katikati, kutoka chini ya kidari hadi chini ya kitovu. Matumbo husogezwa pembeni. Mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, kisha aota hubanwa juu na chini ya sehemu iliyotanuka. Uvimbe hufunguliwa, damu iliyoganda huondolewa, vijishipa vinavyovuja kwa nyuma hushonwa, na mrija mpya hushonewa ndani. Ikiwa matawi ya miguuni nayo yameharibika, hutumika mrija wenye matawi mawili. Ukuta wa zamani hufunikwa juu ya mrija ili matumbo yasiugandame.

Ni upasuaji mzito. Moyo hubeba mzigo mkubwa wakati wa kubana na kuachia, na figo, matumbo na miguu huweza kukosa damu. Katika vituo vyenye uzoefu, upasuaji uliopangwa hupoteza wagonjwa kama 3 hadi 5 kati ya 100. Wanaume waambiwe wazi pia kwamba nguvu za kiume zinaweza kuathirika. Jambo hilo huachwa kwa aibu, na mke na mume huja kulikuta nyumbani peke yao.

Aina ya pili hupitia kinenani. Juan Parodi aliifanya Buenos Aires mwaka 1990. Mrija uliokunjwa juu ya waya za chuma hupitishwa ndani ya ateri za mapaja, huongozwa kwa eksirei hadi tumboni, kisha hufunguliwa ndani ya aota. Damu hupita ndani ya mrija, na uvimbe hubaki nje bila msukumo. Tumbo halipasuliwi, mgonjwa hurudi nyumbani baada ya siku chache, na vifo vya wakati wa upasuaji ni vichache zaidi, kama 1 au 2 kati ya 100.

Kwa nini basi kila mtu asifanyiwe hiyo? Kwanza, si kila aota inafaa. Panahitajika sehemu ya aota isiyotanuka chini ya mishipa ya figo, kwa kawaida ya urefu wa sentimita 1.5 hivi, ili mrija upate pa kushika. Pili, kifaa chenyewe ni ghali sana. Tatu, na hili ndilo ningependa familia ya kijijini ilipime kwa makini, mrija huo huweza kuhama au damu ikavuja pembeni yake, kwa hiyo mgonjwa lazima apigwe picha mwezi wa kwanza na kila mwaka maisha yake yote. Kwa mzee anayeishi Budalang'i au Kuresoi, ambaye nauli na skani ya kila mwaka ni mtihani, upasuaji wa wazi ukiwa moyo na mapafu yake yanauweza huenda ukamfaa zaidi. Mwenye moyo dhaifu na watoto wanaoweza kumfuatilia atafaidika na wa kinenani. Mwambieni daktari ukweli kuhusu nyumbani, kwa kuwa ni sehemu ya uamuzi kama ilivyo skani.

Hatua ya 6: Maandalizi

Hakikisha mgonjwa amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147# au katika kituo cha afya, na michango yake haina deni. Kwa wasioajiriwa kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Nenda ofisi ya bima ndani ya hospitali na uombe idhini kabla ya tarehe ya upasuaji, ukiuliza kwa maandishi kinacholipwa na kinachobaki juu yenu: mrija, siku za chumba cha wagonjwa mahututi, skani. Harambee iitishwe baada ya kupata karatasi hiyo, ili watu wachangie kiasi kinachojulikana.

Tafuteni watu wa kutoa damu mapema. Mtoaji awe mzima na mwenye uzito wa angalau kilo 50. Kuna vituo vya damu vya kanda Nakuru, Kisumu na Eldoret.

Mwili nao utayarishwe. Sigara ikome angalau wiki 4 kabla. Moyo upimwe, mapafu yapimwe, meno mabovu yatibiwe. Dawa zote zitajwe, pamoja na za miti shamba na ugoro. Aspirini isiachwe bila kuambiwa, na anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asisubiri siku ya kulazwa ndipo aseme.

Hatua ya 7: Baada ya upasuaji

Aliyepasuliwa tumbo hukaa chumba cha mahututi siku ya kwanza au ya pili, kisha wadini, kwa jumla kama wiki moja ikiwa hakuna tatizo. Aketi na kutembea mapema iwezekanavyo, hata kama shangazi anaona ni ukatili. Nyumbani, kwa wiki 6 hadi 8 asibebe mtungi wa lita 20, asilime, asipande bodaboda kwenye barabara ya mashimo. Nguvu kamili hurudi baada ya miezi 2 au 3, na hamu ya kula huchelewa.

Mrudishe hospitali upesi akipata homa, kidonda kikitoa usaha, au mguu mmoja ukiwa baridi, mweupe na wenye ganzi. Mguu wa namna hiyo una saa 6 hivi kabla nyama zake hazijaanza kufa. Na hata miaka ikipita, mtu mwenye mrija tumboni akitapika damu au kupata choo cheusi, mwambieni daktari kwanza kabisa kwamba ana mrija wa aota. Mara chache mrija huchimba utumbo. Damu ya kwanza huwa kidogo na hukoma, kisha hufuata ile kubwa, na anayetibiwa kama mwenye alsa kati ya hizo mbili huwa amepoteza nafasi yake.

Aota ikiziba badala ya kutanuka

Wapo ambao aota yao huziba kwa mafuta pale inapogawanyika. Mtu hutembea kidogo, makalio na mapaja yanauma, akisimama yanapoa. Miguu huwa baridi, mapigo ya kinena hayasikiki, na kwa wanaume nguvu hupungua. Wengi huambiwa ni mgongo au uzee. Matibabu huanza na kuacha sigara, dawa, na mazoezi ya kutembea kila siku hadi maumivu yaanze, kupumzika, kisha kuendelea tena. Isipotosha, mshipa hupanuliwa kwa puto na waya, au hushonewa mrija kutoka aota hadi mapaja yote mawili. Mguu ukianza kuuma hata usiku kitandani, au kidonda cha kidole kikikataa kupona, usingoje tarehe ya kliniki.

Hatua ya 8: Ndugu zake

Mgonjwa akishatulia, andikeni majina ya kaka zake, dada zake na watoto wake waliofika miaka 50, popote walipo, Mumias au Naivasha au Mombasa. Kila mmoja apigwe altrasaundi, mkianza na wanaovuta sigara, na aende na nakala ya ripoti ya ndugu yake ili daktari ajue anatafuta nini.